Nyonga bandia ya mama ilichomoka mara tatu: uzi kwa wenye wagonjwa waliobadilishwa nyonga

Kitindamimba

Wakuu habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo nimesema niliandike lote maana najua humu kuna watu wana wazazi waliobadilishwa nyonga au wenyewe wako kwenye foleni ya oparesheni. Uzi ni mrefu nivumilieni, nitauweka kwa vipande.

Mama ana miaka 71. Alianguka, shingo ya mfupa wa paja ikavunjika, wakambadilisha nyonga nzima. Kwa wasiojua, wanaweka kikombe kipya kwenye fupanyonga, na ndani ya mfupa wa paja wanaingiza shina la chuma ambalo juu yake kuna kichwa cha mviringo, hicho kichwa ndo kinaingia kwenye kikombe. Oparesheni ilienda vizuri, kesho yake tu akasimamishwa na woka, wiki ya tatu anatembea ndani kwa gongo moja, sote tukashusha pumzi.

Wiki ya tano akawa amekaa kwenye sofa, sofa lenyewe la chini linadidimia, kandambili moja imeenda kando akainama kuifata kwa kujipinda. Mimi nilikuwa chumba cha pili. Nikasikia kitu kama tawi kavu limekatika halafu sauti ya mama ambayo mpaka leo inanijia usiku. Nafika namkuta mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake, goti na vidole vimegeukia ndani, na hawezi kuusogeza hata kidogo. Jirani mmoja mtu mzima, kwa nia njema kabisa, akasema tushike huku na huku tumvute utarudi. Mama akakataa kuguswa, nashukuru alikataa.

Hospitali wakapiga eksirei, kichwa kimetoka kwenye kikombe kimekaa nyuma na juu. Wakampa dawa ya usingizi, misuli ikalegea, wakauvuta ukarudi. Eksirei ya pili ikaonyesha umekaa sawa, akafungwa mkanda wa kiunoni mpaka pajani, siku mbili tukaruhusiwa. Tukaambiwa "asiiname tena". Basi, hayo tu.

Nataka mlishike hili maana ndo sababu ya uzi wote: siku ile hakuna aliyeuliza KWA NINI imetoka. Daktari hakuuliza, mimi sikuuliza. Sote tukasema ni ile kandambili.

Wiki ya tisa ikatoka tena. Safari hii kitandani saa nane usiku, amegeuka usingizini bila mto katikati ya miguu, mguu wa oparesheni ukavuka juu ya mwenzake goti likaingia ndani. Mpaka usafiri upatikane, mpaka eksirei, mpaka daktari wa usingizi aje, kukawa kumekucha. Wakaurudisha. Ila mama alivyozinduka unyayo unaning'inia, hawezi kuinua vidole kuja juu, na juu ya unyayo hasikii vizuri. Mi nikadhani ni dawa za usingizi hazijaisha. Nesi wa asubuhi ndo aliyegundua, akamwambia "mama nivutie vidole kuelekea usoni kwako", mama akajaribu, vidole kimya.

Nyuma kabisa ya kiungo cha nyonga inapita neva nene kama kidole inayoshuka mpaka mguuni, neva ya siatiki. Kichwa kikitokea nyuma kinaweza kuivuta au kuikandamiza. Hiyo ndo ilimpata mama. Ntaendelea.

Bawabu77

Pole sana mkuu, na mpe pole mama. Mzee wangu yuko kwenye foleni ya kubadilishwa nyonga kwa ajili ya kiungo kusagika, nimesoma mpaka mwili umenisisimka. Swali la mtu asiyejua: kwani kile kichwa na kikombe havifungwi na kitu? Mi nilikuwa najua ikishawekwa imekazwa kwa skrubu ndo imetoka hiyo.

Kitindamimba

Hata mimi nilijua hivyo mkuu. Skrubu kama zipo ni za kushikiza kikombe kwenye mfupa. Kichwa chenyewe kimekaa tu ndani ya kikombe, kinachokizuia kisitoke ni misuli inayokivuta ndani, ule mfuko wa nyama ngumu unaozunguka kiungo, na jinsi vipande vilivyoelekezwa. Baada ya oparesheni huo mfuko umekatwa na misuli imeguswa, ndo maana miezi mitatu ya mwanzo ndo ya hatari zaidi, bado havijapona. Mzee wako usimtie hofu, kwa waliobadilishwa mara ya kwanza kwa sababu ya kusagika inatokea kwa watu kama 1 mpaka 3 kati ya 100. Kwa waliovunjika kama mama ni zaidi, na kwa waliofunguliwa tena mara ya pili ni zaidi ya hapo.

nesi_wa_zamu

Niko wodi ya mifupa miaka mingi, naomba nichangie hapo kwenye dharura maana ndo watu wanapokosea.

Ikitokea nyumbani usimvute, usimkande, usimsimamishe kumjaribu. Ule mguu unaweza kuwa una mfupa uliovunjika pembeni ya shina, kwa macho huwezi kutofautisha, eksirei ndo inasema, ukivuta unageuza tatizo moja kuwa mawili. Mlaze vile alivyojikuta, weka mito ikae pale maumivu yanapopungua, usinyooshe kwa nguvu, ita ambulansi. Asile wala asinywe kitu maana anakwenda kupewa dawa ya usingizi, tumbo likijaa wanalazimika kusubiri au anaingia kwenye hatari ya kutapika na kitu kuingia kwenye mapafu. Andika saa iliyotoka. Hiyo saa sisi tunaihitaji kuliko maelezo mengine yote.

La pili, KABLA hajavutwa mwombe mtu apime unyayo: anaweza kuinua vidole juu? kushusha chini? anasikia ukimgusa juu ya unyayo? mapigo ya damu mguuni yapo? Halafu baada ya kuvutwa vipimwe hivyohivyo tena na viandikwe kwenye faili. Kwa mama yako, mkuu, kama hakikupimwa kabla, hakuna anayejua neva iliumia wakati inatoka au wakati inarudishwa, na ni tofauti kubwa. Ikiwa kabla ilikuwa nzima na baada ya kuvutwa imekufa daktari anatakiwa aambiwe hapohapo, maana neva inaweza kuwa imenaswa.

Na kuna wanaochanganya: kwenye nyonga ya kuzaliwa nayo, isiyo bandia, ikitoka kwa ajali, tunakimbizana na saa kwa sababu damu ya kichwa cha mfupa inakatika na kinaweza kufa. Kwenye ya bandia kichwa ni chuma au seramiki, hakifi. Ila tunakimbizana vilevile, kwa ajili ya neva, kwa ajili ya maumivu, na kwa sababu misuli ikishajikaza masaa mengi kuurudisha ni kazi nzito zaidi.

Kitindamimba

Asante sana nesi. Kabla ya kuvutwa hakupimwa, au kama alipimwa hakikuandikwa, faili nimelisoma lote. Hilo linaniuma mpaka leo.

Gongo_Moja

Mimi ndo mgonjwa mwenyewe. Yangu ilikaa miaka 11 haijanisumbua hata siku moja, nilishasahau kama nina chuma mwilini. Siku moja nimeinuka tu kitini ikatoka. Wakairudisha, baada ya mwezi ikatoka tena. Kwa hiyo nataka wenzangu wajue kuna hizi za mwanzo na kuna za baada ya miaka mingi, na sababu zake ni tofauti kabisa.

Ya kwangu ilikuwa ile plastiki ya ndani ya kikombe imelika upande mmoja. Zamani plastiki zilikuwa zinalika haraka, za siku hizi zimeimarishwa zinadumu zaidi. Ila kabla hawajasema plastiki walinitoa damu kuangalia dalili za maambukizi, wakaniingiza sindano kwenye kiungo wakavuta maji wakapima kama kuna wadudu, maana nyonga iliyotulia miaka halafu ghafla inaanza kutoka inaweza kuwa ina maambukizi yaliyojificha, hakuna hata homa. Ya kwangu yalikuwa safi. Ningekuwa nayo halafu wakabadilisha plastiki tu ingekuwa kazi bure.

Halafu kuhusu ukubwa wa kichwa, daktari wangu alinieleza nikaelewa vizuri. Yule John Charnley wa Uingereza, aliyeanza nyonga hizi za chuma na plastiki mwaka 1962, alitumia kichwa kidogo cha milimita 22 ili msuguano na kulika viwe kidogo. Ubaya wake kichwa kidogo hakihitaji safari ndefu kuruka ukingo wa kikombe. Kikubwa, 32 au 36, lazima kisogee mbali zaidi ndo kitoke, na shingo nayo inachelewa kugonga ukingo. Yangu ya kwanza ilikuwa 28, sasa hivi nina 36 na plastiki mpya, mwaka wa pili huu imetulia.

Swali_Langu

Kitindamimba leta kipande cha pili tafadhali. Na huo mkanda unasaidia kweli? Mama mkwe kafungwa huo, analia joto na hawezi kwenda chooni mwenyewe.

Kitindamimba

Naendelea wakuu.

Kuhusu mkanda kwanza. Mama alivaa wiki chache baada ya mara ya kwanza akauvua, na mara ya pili alirudishiwa akauvaa tena. Daktari wa mwisho alituambia ushahidi kwamba mkanda unazuia kutoka tena ni dhaifu, anautumia kwa mgonjwa anayesahau makatazo, kama mwenye kupoteza kumbukumbu, au kusubiria oparesheni. Kwa hiyo muulizeni daktari wa mama mkwe anavalishwa kwa lengo gani na mpaka lini, ni haki yenu kuuliza.

Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa tano. Hakuinama, hakukunja miguu, hakufanya lolote la kwenye ile karatasi ya makatazo wanayopewa waliobadilishwa nyonga. Alikuwa anainuka kwenye kiti cha kawaida, mwili umeegemea mbele kidogo. Na mama alikuwa mtiifu jamani, mpaka soksi alikuwa anavalishwa na mimi. Ilivyotoka hiyo akalia, hakulia maumivu, alisema "mwanangu sijafanya kitu". Kwa sababu mara zote mbili za mwanzo kila aliyeingia alimwambia angejitunza. Mpaka na mimi nilishamwambia, na hilo neno nimemwomba msamaha.

Tukahamia hospitali nyingine. Daktari wa pale alivyomaliza kuangalia eksirei akauliza swali moja ambalo miezi mitano hakuna aliyeuliza: "Mgongo wake ukoje?"

Wakuu, mama miaka tisa nyuma alifungwa skrubu na vyuma kwenye pingili za chini za mgongo kwa ajili ya maumivu. Sote tunajua, kovu lipo, hata kwenye eksirei ya nyonga ncha za skrubu zinaonekana juu kabisa ukiangalia. Hakuna aliyeunganisha.

Alivyotueleza ni hivi. Mtu mwenye mgongo mzima akikaa, fupanyonga lake linajiviringisha nyuma kidogo, na kikombe kinafunguka mbele, paja linapata nafasi ya kuja juu. Mtu ambaye mgongo wa chini umefungwa, fupanyonga halijiviringishi, limekaa palepale kama la aliyesimama. Sasa kukaa lazima akae, kwa hiyo kazi yote ya kukunja inabebwa na nyonga peke yake, paja linakuja juu, shingo ya shina inagonga ukingo wa mbele wa kikombe, na kichwa kinabanduliwa kutokea nyuma kama unavyobandua kifuniko kwa kijiko. Kandambili ilikuwa inamalizia tu.

Akampiga eksirei za ubavuni, moja amesimama moja amekaa, akaziweka pamoja kwenye skrini. Fupanyonga halijasogea. Nilivyoziona hizo picha mbili nikaishiwa nguvu kwa jinsi jibu lilivyokuwa rahisi kuonekana.

Na hapa kuna kitu kingine. Hospitali ya mwanzo walikuwa wanatuambia kikombe kimewekwa vizuri, na hawakudanganya, kilikuwa kwenye ule ukanda unaoitwa salama, mlalo wa nyuzi 30 mpaka 50 na kuelekea mbele nyuzi 5 mpaka 25, vipimo vilivyowekwa tangu 1978. Lakini huo ukanda unapimwa mtu akiwa katulia, na nyonga nyingi zinazochomoka vikombe vyake viko ndani ya ukanda huo huo. Kilicho salama kwa mwenye mgongo unaosogea si lazima kiwe salama kwa mama.

Akafunguliwa tena. Wakabadilisha kikombe, wakamwekea cha miondoko miwili, yaani kichwa kidogo kinazunguka ndani ya mpira mkubwa wa plastiki, na huo mpira nao unazunguka ndani ya kikombe, kwa hiyo ni kama ana kichwa kikubwa mno. Ni kitu cha Wafaransa, kilibuniwa Saint-Étienne na Gilles Bousquet miaka ya 70. Si kwamba hakina ubaya, kile kichwa kidogo kinaweza kuchomoka ndani ya plastiki yenyewe, ni nadra, ila ikitokea haivutwi kwa mkono, ni kufunguliwa. Kuna na aina nyingine ambayo kichwa kinafungiwa kabisa kwenye kikombe, daktari alisema anaiweka mwisho kwa ambaye misuli ya pembeni ya nyonga imekufa, maana nguvu zote zinahamia kwenye maungio ya kikombe na mfupa, na kikombe kinaweza kung'oka.

Swali_Langu

Nimesoma na machozi hapo kwa mama aliposema hajafanya kitu. Nakwenda kuongea na daktari kuhusu mkanda. Samahani nina swali lingine la aibu kidogo, mtu mwenye nyonga bandia tendo la ndoa inakuwaje? Hakuna anayetaka kutuambia.

FizioTaratibu

Dada hamna aibu hapo, liulizeni maana watu wanaumia kwa kukaa kimya. Wengi wanaruhusiwa baada ya wiki kadhaa, kidonda kikipona na misuli ikipata nguvu, daktari wako ndo anakupa tarehe. Kwa aliyepasuliwa kwa nyuma sheria ni ileile ya mchana: goti lisipande juu kuliko nyonga, mguu usivuke mstari wa katikati ya mwili, na mguu usigeuke kuingia ndani. Kulala chali na mito chini ya mapaja kwa nje, mwenzako ndo afanye kazi, ni salama kwa walio wengi.

Na hapo niseme jambo ambalo karatasi nyingi za makatazo hazisemi. Makatazo yanategemea ulipasuliwa wapi. Aliyepasuliwa nyuma anaogopa kukunja sana na kugeuzia mguu ndani. Aliyepasuliwa mbele hatari yake ni kinyume, kupeleka mguu nyuma huku umeugeuza nje, kwa mfano umesimama unageuka kuchukua kitu nyuma yako. Nimeona mgonjwa wa mbele kapewa karatasi ya nyuma. Uliza umepasuliwa wapi na uandike. Na kuna madaktari siku hizi hawatoi makatazo kabisa kwa baadhi ya wagonjwa, usishangae jirani yako karuhusiwa kila kitu.

Vitu vidogo vinavyookoa: kiti kirefu chenye mikono, choo cha kukaa kiongezewe kimo, ukitaka kuinuka sogea ukingoni, mguu wa oparesheni utangulize mbele, sukuma kwa mikono, usitangulize kichwa. Ukigeuka geuka kwa hatua ndogondogo, usizungukie mguu mmoja. Kwenye gari sukuma kiti nyuma kabisa, ingia makalio kwanza. Mto katikati ya miguu usiku.

Ila jamani mazoezi. Mgonjwa aliyechomoka mara moja anaogopa, anakaa, misuli ya pembeni ya nyonga inanyong'onyea, na hiyo misuli ndo iliyokuwa inakishika kichwa. Ile hofu yenyewe inaitoa nyonga.

Kitindamimba, unyayo wa mama unaendeleaje?

Kitindamimba

Alipewa kifaa cha plastiki cha kuushikilia unyayo usijikwae, anavaa ndani ya kiatu. Neva inapona taratibu sana, tuliambiwa tuhesabu miezi na huenda isirudi yote. Mwezi wa saba kidole gumba kilianza kucheza, sasa hivi anainua unyayo ila anachoka haraka, jioni unaanza kuburuza tena. Ganzi juu ya unyayo bado ipo. Nyonga yenyewe tangu kikombe kipya haijatoka.

Bawabu77

Mkuu nimesoma hii kitu mara mbili. Mzee wangu hajawahi kufungwa vyuma mgongoni, ila mgongo umekakamaa miaka mingi, akikaa anakaa kama mti, haupindi kabisa. Hii inahesabika? Maana kliniki yote tumeongelea nyonga tu, mgongo hatujautaja.

Kitindamimba

Inahesabika mkuu, mgongo uliokakamaa wenyewe bila skrubu nao haujiviringishi. Utaje huo mgongo kabla hajapangiwa tarehe. Omba eksirei ya ubavu amesimama na nyingine amekaa, na kama ana picha za zamani za mgongo beba zote. Na kama mzee ana ugonjwa wowote wa neva, kutetemeka, kiharusi cha zamani, au anasahausahau, hivyo navyo vitaje, maana vinaongeza uwezekano wa kutoka na daktari anaweza kuchagua kikombe tofauti tangu mwanzo. Kliniki yake ni lini?

Bawabu77

Alhamisi. Naenda naye mwenyewe, nimeshaandika kwenye karatasi. Nitaleta mrejesho hapahapa.